Jinsi ya Kupima Ubora wa Maisha ya Mtoto Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Mtoto mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hupimwa mambo mengi anapofika kliniki: uzito, kiwango cha oksijeni katika damu, kasi ya kupumua na, penye spirometa, kiasi cha hewa anachoweza kupuliza ndani ya sekunde moja. Vipimo hivyo vyote ni vya lazima, lakini hakuna hata kimoja kinachoeleza iwapo mtoto huyo analala usiku kucha, anacheza na wenzake, anahudhuria shule bila kukosa, au anaishi kwa hofu ya kubanwa kifua akiwa mbali na nyumbani. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa ubora wa maisha, na yanaweza kupimwa kwa utaratibu ulio imara kama vipimo vingine, mradi mpimaji ajue anachotafuta, achague dodoso linalofaa na amwache mtoto ajisemee mwenyewe.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wauguzi, matabibu, madaktari na watafiti wanaohudumia watoto wenye pumu isiyodhibitika, watoto ambao mirija yao ya hewa imetanuka na kujaa makohozi mwaka mzima, watoto waliobaki na makovu ya mapafu baada ya kifua kikuu, wanaoishi na VVU huku mapafu yao yamedhoofika, na waliozaliwa njiti wakategemea oksijeni kwa muda mrefu. Magonjwa haya hayafanani, lakini kazi ya kumsikiliza mtoto na kuyageuza maneno yake kuwa alama inayoaminika ni ile ile.

Kwa nini spirometa peke yake haitoshi? Utafiti ulioanza mwaka 2016 huko Harare, Zimbabwe, na Blantyre, Malawi, uliwachukua watoto na vijana 347 wanaoishi na VVU wakiwa na ugonjwa sugu wa mapafu, ukawapa wengine azithromaisini, dawa ya antibiotiki, mara moja kwa wiki kwa wiki 48 na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwishoni, uwezo wa mapafu kupuliza hewa haukuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili, lakini vipindi vya ugonjwa kuzidi ghafla vilipungua kwa wale waliopewa dawa. Angetazama spirometa tu, mtu angesema dawa haikufanya kitu, ilhali kwa mtoto na mama yake kupungua kwa siku za homa, kikohozi kikali na safari za hospitali ni jambo kubwa. Hali kama hiyo hujitokeza pia katika pumu, ambako uhusiano kati ya vipimo vya mapafu na jinsi mtoto anavyojiona umekuwa ukipatikana dhaifu mara kwa mara: mwenye kipimo kibaya anaweza kuwa amezoea na anacheza, na mwenye kipimo kizuri anaweza kuwa ameacha michezo yote ambayo ingemfanya atwete.

Anza na swali, ndipo utafute dodoso

Makosa mengi huanzia hapa. Dodoso huchukuliwa kwa sababu mwenzako alilitumia, au kwa sababu ndilo lililopatikana, kisha majibu yanapokuja hayasaidii kuamua lolote. Kabla ya kupakua karatasi yoyote, andika kwa sentensi moja unachotaka kujua. Kama unataka kufuatilia mtoto mmoja mmoja katika kliniki yako ya pumu, unahitaji dodoso fupi linalohisi mabadiliko madogo yanayotokana na matibabu. Kama unataka kulinganisha watoto wenye kikohozi sugu na watoto wazima wa mtaa ule ule, unahitaji dodoso la jumla ambalo maswali yake hayamtaji mtu mgonjwa, kwa maana mtoto asiye na pumu hawezi kuulizwa jinsi pumu inavyomsumbua. Na kama unatafuta hoja ya kuwaonyesha wapangaji wa bajeti kwamba dawa fulani inastahili gharama yake, utahitaji kipimo cha kiuchumi kama EQ-5D-Y, chenye maeneo matano na mizani ya kuanzia 0 hadi 100 ambayo mtoto huonyesha afya yake ya siku hiyo.

Katika utafiti mwingi ulio makini hutumiwa madodoso mawili pamoja, moja la jumla na moja la ugonjwa husika. La jumla huonyesha mtoto amesimama wapi miongoni mwa watoto wengine. La ugonjwa huonyesha kama matibabu yamemgusa.

Madodoso ya kuchagua

Dodoso la jumla linalotumiwa sana duniani ni PedsQL, lililoundwa na James Varni na wenzake nchini Marekani. Toleo lake la 4.0 lilichapishwa mwaka 2001. Lina maswali 23 yaliyogawanywa katika nyanja nne: mwili maswali 8, hisia 5, mahusiano na wenzake 5, na shule 5. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 na kijana wa miaka 13 hadi 18 hujibu kwa kuchagua moja kati ya majibu matano, kuanzia "kamwe" hadi "karibu kila mara", akikumbuka mwezi mmoja uliopita. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 husomewa maswali na kuonyeshwa sura tatu tu, ili asichanganywe na ngazi nyingi. Lipo toleo la mzazi kwa kila umri kuanzia miaka 2, na kwa walio chini ya miaka 2 lipo dodoso la watoto wachanga linalojibiwa na mlezi peke yake. PedsQL ina pia sehemu maalumu ya pumu yenye maswali 28, ambayo huuliza dalili, usumbufu wa matibabu, wasiwasi, na jinsi mtoto anavyoweza kuzungumza na daktari. Nyanja hiyo ya mwisho ni fupi lakini nadhani ina thamani kubwa kwetu, kwa kuwa watoto wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya watu wazima.

Kwa pumu hasa, dodoso lenye historia ndefu ni PAQLQ, lililotungwa na Elizabeth Juniper na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1996. Ni la watoto wa miaka 7 hadi 17, lina maswali 23: dalili 10, hisia 8 na shughuli 5, na linamtaka mtoto akumbuke wiki moja tu. Kila swali hujibiwa kwa ngazi 7, ambapo 1 ni usumbufu mkubwa kabisa na 7 ni kutokuwa na usumbufu wowote. Uzuri wake mkubwa umo katika maswali ya shughuli, kwani matatu kati ya hayo matano huachwa wazi ili mtoto ataje mwenyewe mambo anayoyafanya mara kwa mara na ambayo pumu humzuia. Mtoto wa Dodoma anaweza kutaja mchakamchaka wa asubuhi shuleni, kufagia uwanja wenye vumbi na kucheza rede. Wa Lamu anaweza kutaja kuogelea. Shughuli hizo tatu huandikwa kwenye fomu yake na kuulizwa zile zile kila anaporudi. Lipo pia dodoso la mlezi wa mtoto mwenye pumu, la maswali 13, ambalo halimuulizi mlezi habari za mtoto bali habari zake mwenyewe: usingizi wake, kazi zake zilizokatizwa, hofu yake. Usilitumie hilo kama mbadala wa sauti ya mtoto. Linapima mtu mwingine.

Kwa kikohozi cha muda mrefu kisicho cha pumu, kikiwemo cha mirija iliyotanuka, watafiti wa Australia walitunga dodoso la wazazi linaloitwa PC-QOL, ambalo lina toleo refu la maswali 27 na fupi la maswali 8. Kwa ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi lipo CFQ-R, ambalo husomewa watoto wa miaka 6 hadi 11 na kujazwa wenyewe kuanzia miaka 12. Kwa makovu ya mapafu yanayofuata kifua kikuu au VVU, njia ninayoiona salama ni kutumia PedsQL ya jumla na kuongeza karatasi fupi ya dalili, ambayo alama zake hazichanganywi na za PedsQL.

Kuna kipimo kimoja ambacho mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa cha ubora wa maisha, nacho ni kile cha udhibiti wa pumu kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, kinachojulikana kama C-ACT. Kina maswali 7, manne ya mtoto na matatu ya mlezi, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Alama 19 au pungufu humaanisha kuwa pumu haijadhibitiwa. Ni kipimo kizuri na chepesi, nacho kitumike, lakini kinajibu kama ugonjwa umetulia, si kama mtoto anaishi vizuri.

Madodoso haya yana wenyewe. PedsQL, kwa mfano, hutolewa kupitia Mapi Research Trust iliyoko Lyon, Ufaransa, na masharti hutegemea kama unalitumia kliniki, katika utafiti wa mwanafunzi au katika utafiti wenye ufadhili. Omba kibali mapema, na katika maombi hayo hayo uliza kama kuna tafsiri ya Kiswahili iliyothibitishwa, na ilithibitishwa katika nchi gani.

Lugha inayofika kwa mtoto

Ikiwa tafsiri ipo, isome kwa sauti mbele ya watoto watano au sita wa kliniki yako kabla ya kuitumia, umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake alivyolielewa swali. Utagundua haraka penye kasoro. Swali la kwanza la PedsQL, kwa asili yake, humuuliza mtoto ugumu wa kutembea umbali wa zaidi ya mtaa mmoja wa mji wa Marekani uliopimwa kwa barabara zinazokatana. Mtoto wa kijiji cha Rufiji hana kipimo hicho, na ni lazima kiwekwe umbali unaolingana ambao kila mtoto anaujua. Neno "homa" nalo Kenya huchukuliwa na wengi kuwa ni mafua, wakati Tanzania ni joto la mwili, jambo ambalo katika dodoso la mapafu linaweza kupotosha alama nzima. Mlio wa kifua nao huitwa kwa namna nyingi: wengine husema kifua kinalia, wengine kinakoroma, wengine kinatoa filimbi. Mwombe mama auigize mlio wenyewe, kisha uandike neno alilolitumia.

Ikiwa tafsiri haipo, fuata njia iliyozoeleka: watu wawili wafasiri kila mmoja peke yake, watafsiri hao wakae wapatanishe, mtu wa tatu asiyeliona dodoso la awali airudishe tafsiri katika lugha ya mwanzo, mwenye dodoso alinganishe, ndipo ijaribiwe kwa watoto. Baada ya hapo kusanya majibu ya kutosha uangalie kama maswali ya nyanja moja yanakwenda pamoja. Kigezo cha alfa ya Cronbach, kinachopima jambo hilo, cha 0.70 hukubalika kwa kulinganisha makundi. Kwa kuamua jambo juu ya mtoto mmoja, 0.90 ndiyo inayotakiwa. Pima pia watoto ambao hali yao haijabadilika mara mbili ndani ya wiki moja au mbili, ili ujue kama alama inatulia penyewe.

Nani ajibu

Mtoto kwanza. Kuanzia miaka 5 watoto wengi wanaweza kujieleza kwa dodoso lililotengenezwa kwa umri wao, na kuanzia miaka 8 majibu yao hutegemewa zaidi. Mzazi naye aulizwe, kwa kuwa anaona mambo ambayo mtoto hayajui, kama vile kukohoa usingizini, na kwa kuwa ndiye anayeamua lini mtoto apelekwe hospitali. Lakini wawili hao wanapotofautiana, usitafute nani mkweli. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mzazi na mtoto hukaribiana katika mambo yanayoonekana, kama kukimbia na kutweta, na huachana katika yasiyoonekana, kama huzuni na hofu. Ziandike alama zote mbili, kila moja kwenye safu yake, wala usizichanganye kupata wastani.

Kumbuka pia kwamba mlezi aliyemleta mtoto leo anaweza asiwe yule anayelala naye chumba kimoja. Bibi, shangazi au dada mkubwa hujibu vizuri kuhusu anayoyaona, na kwa makisio kuhusu mengine. Kwenye fomu andika uhusiano wa aliyejibu, na mtoto anaporudi jitahidi aulizwe mtu yule yule.

Kuketi na mtoto

Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuharibika, na hapa panastahili muda kuliko mahali pengine popote. Dodoso lijibiwe kabla mtoto hajaonana na daktari na kabla hajachomwa sindano au kutolewa damu, kwa sababu habari mbaya na maumivu ya dakika ile hubadilisha majibu ya mwezi mzima. Mtoto na mlezi wajibu kwa wakati mmoja lakini mahali tofauti. Ikiwa chumba ni kimoja, mlezi akae ameupa mgongo upande wa mtoto na apewe karatasi yake ya kujaza. Asiyesoma asomewe na mhudumu mwingine, asisomewe na mtoto wake.

Watoto wetu wamefunzwa adabu, na adabu hiyo ina nafasi katika kipimo hiki. Mtoto akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata kama amelazwa na oksijeni puani, kwa maana hiyo ni salamu wala si taarifa. Ukianza kwa kumuuliza "Unajisikiaje?" utapata "Nzuri", na majibu ya maswali yanayofuata yatafuata mkondo huo huo. Maliza salamu kwanza: mpokee shikamoo yake, itikia marahaba, uliza habari za darasa lake. Kisha mweleze waziwazi kwamba sasa mnaanza jambo jingine, kwamba hakuna jibu zuri wala baya, kwamba huu si mtihani, na kwamba akisema jambo fulani linamsumbua hatakuwa amemkosea mama, mwalimu wala daktari. Koti jeupe, kama unalo, livue.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7 fanya jaribio kwanza. Muulize jambo ambalo jibu lake unaweza kulihakiki papo hapo, mathalani kama ni vigumu kwake kualisha vidole, kisha umwambie aonyeshe sura inayolingana, halafu avialishe uone. Akionyesha sura inayosema si vigumu na vidole vikakataa, hajaelewa. Rudia mpaka aelewe. Wapo watoto wanaochagua sura inayocheka kwa sababu wanaipenda tu, na bila jaribio hilo hutawatambua.

Muda wa kukumbuka ufungwe kwenye tukio. "Mwezi uliopita" ni maneno matupu kwa mtoto wa miaka saba, ila "tangu shule zilipofunguliwa" au "tangu siku ile ya Idi" anaelewa. Kwa wiki moja, taja siku: "tangu Ijumaa iliyopita, siku uliyokwenda kuswali na baba." Chagua tukio la kila mtoto na uliandike ukingoni.

Soma kila swali kama lilivyoandikwa. Mtoto asipolielewa, lirudie polepole. Asipolielewa tena, liache wazi uendelee. Usitoe mfano wako, kwa maana ukisema "yaani kama unapokimbia?" umeshambadilishia swali. Usitikise kichwa, usisifu jibu, usihuzunike. Akinyamaza, ngoja. Mhudumu mwenye haraka hujaza ukimya kwa kupendekeza jibu, na mtoto mwenye adabu hulikubali.

Kukokotoa alama

Nichukue mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 9 mwenye pumu, aliyejibu PedsQL. Majibu huandikwa 0 kwa "kamwe", 1, 2, 3 na 4 kwa "karibu kila mara", kisha hugeuzwa: 0 huwa 100, 1 huwa 75, 2 huwa 50, 3 huwa 25 na 4 huwa 0, ili alama kubwa imaanishe maisha bora. Katika nyanja ya mwili amejibu 2, 3, 1, 0, 0, 2, 2, 3. Zikigeuzwa ni 50, 25, 75, 100, 100, 50, 50 na 25, jumla 475. Gawanya kwa 8 upate 59.4. Katika hisia amejibu maswali manne tu: 1, 3, 2, 1, na moja limebaki wazi. Jumla ni 225. Gawanya kwa 4, idadi ya aliyoyajibu, upate 56.3. Kanuni ni kwamba ikiwa zaidi ya nusu ya maswali ya nyanja yameachwa, nyanja hiyo haipewi alama kabisa. Mahusiano amepata 350 kwa maswali 5, yaani 70, na shule 300 kwa maswali 5, yaani 60. Alama ya jumla haipatikani kwa wastani wa nyanja nne, bali kwa kujumlisha maswali yote yaliyojibiwa, hapa 1350, na kugawanya kwa idadi yake, hapa 22. Jibu ni 61.4.

Baada ya miezi sita ya dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, mwili umepanda hadi 75, shule hadi 75, mahusiano yamebaki 70, hisia zimeshuka hadi 45, na safari hii amejibu maswali yote 23. Jumla ni 1550, na alama yake 67.4. Imepanda kwa 6. Varni na wenzake walikadiria kwamba badiliko la alama ya jumla la 4.4 kwa jibu la mtoto, au 4.5 kwa jibu la mzazi, ndilo dogo kabisa lenye maana, kwa hiyo ukitazama alama ya jumla peke yake utaandika kwamba amepata nafuu na kumruhusu aende. Lakini hisia zimeshuka kwa zaidi ya alama 11. Kwanza hakikisha kwamba si hila ya hesabu: swali lililoachwa mara ya kwanza safari hii limejibiwa "mara nyingi", yaani 25. Ukiliondoa, manne yaliyobaki yana 200, wastani 50, dhidi ya 56.3 za mwanzo. Mshuko umepungua, ila haujafutika.

Hapo ndipo kalamu huwekwa chini na mtoto huulizwa. Katika hali kama hii jibu huweza kuwa kwamba sasa anapaswa kuvuta dawa kwa spesa, yaani chombo kinachounganishwa na kichupa cha dawa ya kuvuta ili ifike vizuri kifuani, na spesa yake ni chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa, ambayo wenzake humcheka kwayo. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo, ikitengenezwa vizuri, hufikisha dawa kifuani kama spesa ya dukani. Mapafu yanaridhika, mtoto hajaridhika. Kumpangia dozi za asubuhi na jioni nyumbani, na kuzungumza na mwalimu wake wa darasa kuhusu ile ya dharura, ni matibabu yaliyotokana na dodoso moja kwa moja.

Kuyasoma mabadiliko bila kujidanganya

Katika PAQLQ, badiliko la 0.5 kwenye ngazi ya 7 ndilo dogo lenye maana, 1.0 ni la wastani na 1.5 ni kubwa. Viwango hivi vinasaidia, lakini vilipatikana kwa watoto wa nchi nyingine. Tahadhari zaidi inahitajika kwa mipaka ya kutenganisha walio hatarini na wasio hatarini: ile ya 69.7 inayonukuliwa mara nyingi kwa PedsQL ilitokana na watoto wa California, na kuwapima nayo watoto wa Kigoma au Turkana bila kundi la watoto wazima wa hapo hapo ni kuwahukumu kwa mizani ambayo hawakuwemo ilipotengenezwa. Kwa mtoto mmoja, mlinganisho wa haki zaidi ni yeye na yeye mwenyewe.

Angalia pia majira. Alama iliyochukuliwa wakati wa baridi ya Juni na Julai nyanda za juu haipaswi kulinganishwa kwa wepesi na ya Februari. Mtoto wa darasa la saba aliyejibu Septemba anajibu akiwa na mtihani wa taifa kichwani. Familia iliyohamia chumba ambacho jirani anapikia mkaa mlangoni imebadilisha mapafu ya mtoto pasipo dawa kuhusika. Kwenye kila fomu tenga mistari michache ya mambo haya, pamoja na idadi ya siku za shule zilizokosekana, kiwango cha oksijeni, na kama mtoto yuko katika kipindi cha ugonjwa kuzidi. Mtoto aliye katika kipindi hicho apimwe ikiwa hilo ndilo swali lako. Vinginevyo mngoje atulie. Kwa ufuatiliaji wa kawaida wa kliniki, kila miezi mitatu hadi sita inatosha.

Ridhaa, siri na majibu yanayodai hatua

Kwa utafiti utahitaji kibali cha maadili, ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kuelewa. Kwa watoto wanaoishi na VVU, jihadhari kuliko kawaida. Wapo wasioambiwa bado kwa nini wanameza dawa kila siku, na swali moja lililotamkwa ovyo, au kichwa cha fomu kilichoandikwa jina la ugonjwa, kinaweza kuwafichulia jambo ambalo familia na mshauri walikuwa wanaliandaa kwa hatua. Muulize mlezi faraghani kabla ya kuanza, na utumie fomu zisizotaja ugonjwa.

Panga mapema utakalofanya ukipata jibu lisiloweza kusubiri: mtoto anayesema anahuzunika karibu kila mara, anayeogopa kulala kwa kudhani hataamka, anayepigwa na wenzake, au anayesema hataki kuendelea kuishi. Jina la mtu wa kupelekewa mtoto huyo siku hiyo hiyo, awe mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii au daktari wa zamu, liandikwe juu ya meza ya mpimaji. Kituo ambacho hakina mtu huyo kisianze kuuliza maswali ya hisia mpaka kimpate.

Alama zikishakokotolewa, zifike mikononi mwa daktari kabla mtoto hajaingia chumbani, zikiwa katika mstari mmoja wenye nyanja zote nne na alama za mara iliyopita, kwa kuwa fomu ya kurasa tatu haisomwi na mtu mwenye foleni ya wagonjwa arobaini. Mtoto aambiwe ni jibu gani kati ya majibu yake limebadilisha matibabu. Mwisho muulize kama kuna jambo linalomsumbua ambalo hakuulizwa, uliandike nyuma ya fomu kwa maneno yake mwenyewe, na mara tatu au nne kwa mwaka zikusanyeni karatasi hizo mzisome pamoja kama timu. Jambo linalojirudia kwa watoto wengi liongezeni kwenye karatasi yenu ya dalili.